Meza ya Alama Moja: Namna ya Kuweka Dau kwenye Karata ya Nne na ya Tano

Katika poka ya Texas Hold'em, karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani huwa zote za alama moja kwa wastani mara moja katika michezo kama 19. Si jambo la kila dakika, na ndiyo maana wachezaji wengi hawalizoei. Wakiona kopa tatu zimelala mezani, baadhi yao huingiwa na hofu na kutupa karata nzuri, ilhali wengine, wakiwa na kopa mbili ndogo mkononi, hujiona wameshashinda na kusukuma chipu zao zote mbele. Makosa yote mawili huwa na bei nafuu mwanzoni na bei kali mwishoni, kwa kuwa dau la karata ya nne na la karata ya tano hupimwa kwa kitita (chipu zote zilizokwisha kuwekwa mezani) ambacho tayari kimenenepa. Mwongozo huu unahusu raundi hizo mbili za mwisho peke yake, na unamchukulia msomaji kuwa anajua utaratibu wa mchezo.

Kwa upande wa majina, nitatumia yale ya karata za pwani: kopa, uru, shupaza na pao (ambayo siku hizi wengi huiita maua). Majina hayo Waswahili waliyapokea kutoka kwa Wareno, pamoja na neno turufu. Karata yenye herufi A nitaiita ree, K mfalme, Q malkia na J ghulamu. Karata tano za alama moja ni flashi.

Aliyekulia kwenye michezo ya turufu ana faida hapa, kwa sababu meza ya alama moja hufanana sana na meza iliyokwisha kutangaziwa turufu: mwenye turufu kubwa ndiye mwenye sauti, na mwenye ndogo huishi kwa wasiwasi wa kukatwa. Tofauti ni kwamba katika poka kopa moja mkononi haikupi kitu mpaka kopa ya nne ifunuliwe mezani. Mambo mengi yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Pima ukubwa wa karata yako ya alama hiyo

Kabla ya kugusa chipu, usijiulize tu kama una flashi. Jiulize karata yako kubwa kabisa ya alama ile ni ipi, na ni karata ngapi kubwa kuliko hiyo ambazo hazijaonekana.

Tuchukue mfano ambao tutatembea nao hadi mwisho. Mezani kuna mfalme wa kopa, 8 ya kopa na 4 ya kopa, na wewe umeshika 7 na 6 za kopa. Umepata flashi tangu karata tatu za kwanza, bahati ambayo mwenye karata mbili za alama moja huiona chini ya mara moja katika michezo 100. Kopa zilizobaki ni nane: ree, malkia, ghulamu, 10, 9, 5, 3 na 2. Mpinzani anaweza kuwa na flashi kwa njia 28 tofauti za kuunganisha kopa mbili kati ya hizo. Ukizihesabu moja baada ya nyingine, utaona kwamba flashi yako inashinda tatu tu, yaani 5 na 3, 5 na 2, na 3 na 2. Nyingine zote 25 zinakushinda.

Soma tena idadi hiyo, kwa sababu ndiyo inayowafilisi watu. Ni kweli kwamba flashi ni nadra: kati ya jozi 1,081 za karata ambazo mpinzani angeweza kuwa nazo wakati huo, hizo 28 hazifiki asilimia 3, na kwa hiyo mara nyingi sana wewe ndiye uliye mbele. Hata hivyo, katika zile mara chache ambazo mpinzani naye ana flashi, karibu kila mara yake ni kubwa kuliko yako. Flashi ndogo, basi, ni karata ya kushinda kitita cha wastani. Kitita kikivimba kupita kiasi, mara nyingi mwenzako ndiye atakayekibeba.

Kwa ajili ya hatua zinazofuata, jiweke katika moja ya makundi haya: flashi yenye ree au isiyopitwa na nyingine, flashi ya kati, flashi ndogo kama hiyo ya mfano, karata nzuri zisizo na alama hiyo (karata tatu za namba moja, au jozi mbili), karata moja pekee kubwa ya alama hiyo, na kutokuwa na chochote.

Hatua ya 2: Fikiria mpinzani angefikaje hapa

Hesabu ya hapo juu inachukulia kwamba mpinzani anaweza kushika karata yoyote, jambo ambalo si kweli. Watu huchagua karata za kuchezea, na hupenda zenye alama moja, hivyo sehemu ya flashi mikononi mwao ni kubwa kuliko hesabu tupu inavyoonyesha. Aliyepandisha dau kabla ya karata za mezani kufunuliwa ana ree na wafalme wengi zaidi. Aliyelipa tu ana zaidi karata za kati zinazofuatana, kama 10 na 9 za alama moja. Ikiwa wewe ndiye uliyepandisha, ile flashi yenye ree ni rahisi zaidi kuaminika kuwa iko kwako, na unaweza kutumia sifa hiyo hata siku ambayo huna.

Kumbuka pia kwamba karata uliyoshika wewe hayupo mwingine anayeweza kuishika. Usipokuwa na kopa hata moja, zinabaki kopa 10 na njia 45 za mpinzani kuwa na flashi. Ukishika kopa moja tu, njia hizo zinashuka hadi 36. Karata hiyo moja imekata sehemu ya tano ya hofu yako, na ikiwa ni ree, imefuta kabisa uwezekano wa mpinzani kuwa na flashi iliyo kubwa kuliko zote. Nitaiita karata kizuizi.

Hatua ya 3: Karata ya nne ikiwa ya alama nyingine

Tuseme karata ya nne ni 2 ya pao. Hakuna kilichobadilika kwa mwenye flashi, na hapo ndipo dau lako linapaswa kuongea. Watu unaotaka walipe ni wale wenye kopa moja pekee, wanaosubiri ya nne. Katika mfano wetu, mpinzani mwenye kopa moja ana kopa saba zilizobaki kati ya karata 44 ambazo ninyi wawili hamjazishika wala hazipo mezani, sawa na asilimia 16 hivi. Yeye mwenyewe, asiyejua kwamba wewe umeshika mbili, anahesabu kopa tisa kati ya karata 46, yaani asilimia 19.6.

Sasa linganisha na bei unayomwekea. Dau la theluthi moja ya kitita humtaka awe na nafasi ya asilimia 20 ili asipate hasara. Dau la nusu humtaka asilimia 25. Dau la theluthi mbili, karibu asilimia 29. Na dau linalolingana na kitita, asilimia 33. Utaona mara moja kwamba dau la theluthi moja linakaribia kumpa bei ya haki kwa hesabu yake, na dau la nusu au zaidi linamtoza kupita thamani ya anachosubiri. Ndiyo maana dau dogo, ambalo lina maana wakati wa karata tatu za kwanza, huwa ni ukarimu usio na sababu kwenye karata ya nne. Mwenye flashi, iwe ya ree au ndogo, aweke kati ya nusu na theluthi mbili ya kitita.

Kuna wanaopenda kupita (yaani kutoweka dau) wakiwa na flashi kubwa ili "wamtege" mpinzani. Mimi huona mtego huo mara nyingi humnasa mwenye kuutega. Karata ya bure kwa mwenye kopa moja ni zawadi, na ikifunuliwa kopa ya nne, mwenye jozi ya wafalme ambaye angekulipa madau mawili ataacha kulipa hata moja. Mtego una nafasi kwa mpinzani mmoja tu: yule asiyeweza kuvumilia kuona watu wakipita bila naye kuweka dau.

Mwenye karata tatu za namba moja ana kazi ngumu zaidi, nami nataka tukae hapo kidogo kwa sababu ndipo hofu inapopoteza pesa nyingi. Chukua meza hiyohiyo, lakini sasa umeshika 8 ya uru na 8 ya pao. Baada ya ile 2 ya pao, karata kumi zinakupa fuli hausi (karata tatu za namba moja pamoja na jozi, ambayo huishinda flashi) au zaidi: wafalme watatu, 4 tatu, 2 tatu, na 8 moja iliyobaki. Kumi kati ya 46 ni karibu asilimia 22. Mpinzani akiweka dau la nusu ya kitita, unahitaji asilimia 25. Kwa maneno mengine, hata kama ungekuwa na hakika kwamba ana flashi, ungepungukiwa kidogo tu, na pengo hilo hufidiwa na zile mara nyingi ambazo hana flashi kabisa, bali ana mfalme na kopa moja ya kujipa moyo. Kutupa karata tatu za namba moja kwa dau la nusu kwenye karata ya nne, kwa sababu tu meza ni nyekundu, ni kosa. Lakini ukiweka dau wewe na kupandishiwa sana, lipa ikiwa bei inaruhusu, usirudishe kwa kupandisha tena. Mwenye jozi mbili hana anasa hiyo: ana karata nne tu za kumwokoa, chini ya asilimia 9, na kwa dau kubwa na aache.

Mwenye jozi moja bila kopa yoyote apite, alipe dau moja dogo ikibidi, na asijenge kitita.

Hatua ya 4: Alama ileile ikitoka kwa mara ya nne

Ukiwa na flashi tangu mwanzo, kuna uwezekano wa asilimia 31 hivi kwamba karata ya nne au ya tano italeta alama ileile tena. Hapo meza inakuwa imegeuka, na kila mwenye kopa moja ana flashi.

Rudi kwenye 7 na 6 zetu, na tuseme karata ya tano ni 10 ya kopa. Sasa mtu yeyote mwenye ree, malkia, ghulamu au 9 ya kopa anakushinda. Kati ya jozi 990 zinazowezekana, 170 zina angalau moja ya karata hizo, sawa na asilimia 17. Na kwa kuwa mpinzani alilipa dau lako kwenye karata ya nne, jambo ambalo mwenye kopa moja kubwa hulifanya kuliko mtu mwingine yeyote, asilimia halisi iko juu zaidi. Ukiweka dau, nani aliye chini yako atalipa? Mwenye kopa ya 5, 3 au 2 labda, na mwenye mfalme asiyependa kutupa. Ni wachache. Pita. Mpinzani akiweka dau dogo unaweza kulipa. Akiweka dau la kitita kizima, tupa bila majuto. (Kopa pekee ambayo ungeifurahia ni 5, ambayo ingekupa 4, 5, 6, 7 na 8 za kopa kwa mfululizo. Ni karata moja kati ya 46, kwa hiyo usiisubiri.)

Mwenye ree ya kopa peke yake, kwa upande mwingine, amekuwa mfalme wa meza. Kosa lake la kawaida ni kuweka dau dogo "ili walipe". Mwenye malkia wa kopa atalipa dau la robo tatu ya kitita karibu mara nyingi sawa na la robo moja, maana machoni pake karata iliyo mbele yake ni moja tu. Mtoze ipasavyo.

Hapo pia ndipo mkwara, yaani dau la kumtisha mpinzani atupe karata bora kuliko zako, hufa. Dhidi ya wachezaji wa dau dogo, mtu mwenye ghulamu wa kopa kwenye meza yenye kopa nne haambiwi kitu. Atalipa tu aone. Mkwara wa kopa ya nne upigwe kwa mtu uliyemwona akitupa karata nzuri hapo awali, na kwa wengine uachwe.

Hatua ya 5: Meza ikipata jozi

Ikiwa karata ya tano inarudia namba iliyopo mezani, mwenye flashi ashushe dau lake hadi theluthi ya kitita au apite, kwa sababu yule mwenye karata tatu za namba moja aliyekuwa akilipa kwa subira sasa amefika alikokuwa akienda. Flashi yenye ree bado inastahili dau la nusu. Haistahili kupandisha baada ya kupandishiwa.

Hatua ya 6: Karata ya tano, na uamuzi wa mwisho

Tuseme karata zote tano zimefunuliwa na kopa zimebaki tatu. Hakuna tena anayesubiri kitu. Dau lako sasa lina kazi moja kati ya mbili: kulipwa na karata dhaifu kuliko yako, au kufukuza karata bora kuliko yako. Dau lisilofanya lolote kati ya hayo halina kazi mezani.

Flashi yenye ree iweke dau kubwa, kitita kizima au hata zaidi, kwa kuwa anayeweza kukulipa ana flashi yake na hawezi kuiacha. Flashi ya kati iweke nusu hadi theluthi mbili. Flashi ndogo, ikiwa wewe ndiye wa mwisho kuamua na mpinzani amepita, iweke nusu, maana kupita kwake kumepunguza sana uwezekano wa flashi kubwa. Ikiwa wewe ndiye wa kwanza kuamua, kuna dau ambalo wengi hawalijui thamani yake: robo au theluthi ya kitita. Dau hilo hulipwa na jozi na jozi mbili, na papo hapo humzuia mpinzani kupanga bei yake mwenyewe, ambayo ingekuwa kubwa zaidi. Akilipandisha, umeuliza swali kwa bei nafuu na umejibiwa.

Mkwara nao una bei inayojulikana. Dau la nusu ya kitita linahitaji kufaulu mara moja katika tatu. La theluthi mbili, asilimia 40. La kitita kizima, nusu ya mara zote. Karata bora za kupigia mkwara kwenye meza yenye kopa tatu ni zile zenye ree ya kopa peke yake iliyokosa mwenziwe. Haina thamani ya kuonyeshwa, na wakati huohuo inakuhakikishia kwamba mpinzani hana flashi kuu.

Mfano maarufu kuliko yote ulitokea mwaka 2003 huko Las Vegas, katika kasino ya Binion's Horseshoe, kwenye fainali ya World Series of Poker iliyokuwa imeanza na wachezaji 839. Walikuwa wamebaki wawili. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alikuwa na mfalme wa shupaza na 7 ya kopa; Sam Farha, mchezaji mzoefu, alikuwa na malkia wa shupaza na 9 ya kopa. Mezani zilikuja 9 ya shupaza, 2 ya uru na 6 ya shupaza, kisha 8 ya shupaza ikiwa karata ya nne. Farha alikuwa mbele kwa jozi ya 9. Moneymaker akapandisha dau, na hakuwa mjinga: shupaza tisa, pamoja na 5 na 10 sita zisizo za shupaza, zilimpa karata 15 kati ya 46 za kukamilisha flashi au mfuatano, karibu theluthi moja. Farha akalipa. Karata ya tano ikawa 3 ya kopa, isiyomsaidia kitu. Farha akapita, Moneymaker akasukuma chipu zake zote, na baada ya kufikiri kwa muda mrefu Farha akatupa karata za ushindi. Moneymaker alimaliza usiku akiwa bingwa, na dola 2,500,000 zikawa zake.

Kinachonivutia katika mchezo ule si ujasiri wa mhasibu. Ni kwamba dau lake la mwisho lilisimulia hadithi ileile iliyoanza kwenye karata ya nne, shupaza ya tatu ilipofunuliwa, na kwamba mfalme wa shupaza mkononi mwake ulipunguza flashi kubwa ambazo Farha angeweza kuwa nazo. Malkia wa Farha naye alikuwa ameziba flashi kadhaa upande wa pili, jambo lililokuwa sababu ya kulipa. Lakini pia alikuwa mojawapo ya zile karata pekee ambazo mtu wa mkwara hupenda kuzishika, na hiyo ikawa sababu ya kutolipa. Mzani ulikuwa mgumu kweli, na sidhani kama ni haki kumcheka.

Hatua ya 7: Ukipandishiwa dau kwenye karata ya tano

Kwenye meza za kawaida, mtu anayepandisha dau la mwisho mbele ya alama tatu au nne zinazofanana huwa anazo. Akiwa hana, mara nyingi huwa ameshika ree ya alama ile peke yake. Kwa hiyo ikiwa ree iko mkononi mwako, umeondoa flashi yake kuu na mkwara wake wa kawaida kwa pamoja, na ikiwa haipo, angalau unajua ni karata gani unayoihofia. Kwa flashi ya kati, lipa pale nyongeza inapokuwa ndogo kulingana na kitita, kisha uzione karata zake uziweke akilini kwa mchezo mwingine. Kwa 7 na 6 za kopa, rudi kwenye zile njia 25 kati ya 28, na uzirudishe karata kwa mgawaji.